Karatasi ya Mahudhurio

Sisi watu wa Dar tukiitwa mkutanoni, kwanza tunaulizia karatasi ya mahudhurio. Tunasaini, ndipo tunakaa. Ajenda baadaye.

Ndivyo tulivyofanya mimi na shangazi yangu, siku watu wa kisiwani kwetu tunaoishi mjini tulipoitwa kwenye ukumbi mmoja pale Mchafukoge. Jeshi la nchi ya nje lilitaka kujenga kambi kisiwani, upande wa mashariki, na huko ndiko yaliko makaburi yetu. Mama yake shangazi kalala huko. Karatasi ilipotufikia, shangazi alisita. "Hii ya nini?" Nikamjibu kwa haraka zangu za Kariakoo, "Saini tu, shangazi, ni mahudhurio." Akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, maana kuandika alijifunza ukubwani.

Mwezi haukuisha, tukaonyeshwa nakala ya karatasi ileile. Juu yake wameongeza maneno: wenyeji walioridhia kambi. Jina la shangazi lilikuwa la tatu. Nilitukana, sifichi. Jirani yangu wa dukani akaniambia maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia aniondokee na methali zake. Shangazi yeye alifunga genge lake la nazi akaenda kulala. Siku tatu aliitikia shikamoo yangu tu. Heri angenigombeza.

Siku ya nne akajitanda khanga yake, tukapita duka kwa duka, kuanzia Kariakoo mpaka Magomeni, kila alipo mtu wa kwetu. Ujumbe ulikuwa mmoja: tumeitwa mkutano wa pili, njooni mseme kambi hatuitaki, ila msisaini.

Ukumbi ulijaa, wengine wakasimama nje madirishani. Walisema mmoja mmoja, bila fujo, kwamba hawahami na makaburi hayahamishwi. Karatasi ikazungushwa safu zote, ikarudi mezani nyeupe. Mwenyekiti wa kikao, kijana mpole, akatabasamu. "Wazee wangu, msiposaini itaonekana hamkuja."

Shangazi akanyanyuka. Sauti yake haikupanda.

"Ionekane hivyo hivyo, mwanangu. Mara ya kwanza nilikuja, nikamuuza mama."

Watu wakamwonea huruma. Mwanamke wa nyuma yetu akanong'ona kwamba ndiyo shida ya kusaini usichokijua. Shangazi alisikia, na mimi nilisikia. Akakaa kando yangu, wala hakunitaja.