Bawa la Sajenti

Umewahi kumkata mtu miguu, kisha ukawasimulia majirani jinsi anavyopenda kukaa kwako?

Don Abelino hakuwahi kujiuliza hivyo. Alikuwa mgane, mstaafu wa kiwanda cha mbao, na bustani yake ilisifiwa kijiji kizima cha Los Boldos. Saladi zake hazikuwa na tundu hata moja. Mlinzi wake alikuwa Sajenti, ndege aina ya queltehue, mwenye miguu mirefu na kishungi kisogoni, aliyekula makoa tangu alfajiri na kupiga makelele kila mgeni alipogusa lango. Bustani nyingi kijijini zilikuwa na ndege kama huyo. Unaokota kinda malishoni, unamkata manyoya ya bawa moja asiweze kuruka, basi. Kila Februari, kiangazi kikielekea kuisha na manyoya mapya yameota, unachukua mkasi tena.

Septemba hiyo, baridi ilipokwisha na mpichi ulipochanua, queltehue mwingine alianza kuja kutoka malisho ya ng'ambo ya barabara. Wale wawili wakawa wanainamiana, wakichimbua vishimo kati ya njegere kama wanaotafuta pa kutagia. Don Abelino akamwita jirani yake, doña Clorinda, aje aone.

"Sajenti kapata mchumba, jirani! Na hatoki hapa, ng'o! Kanizoea."

Doña Clorinda alikuja na unga wa mkate viganjani. "Kakuzoea? Na mkasi je, nao kauzoea?"

"Aa, we mama una maneno!"

Hakumaliza kucheka. Paka aliruka kutoka ukutani. Yule ndege mgeni akapaa mara moja. Sajenti naye akapiga mabawa, akainuka kimo cha ndoo, akaanguka kwa ubavu. Akajaribu tena. Akaanguka upande uleule. Doña Clorinda alivua kandambili, akamtupia paka, naye paka akatimua mbio.

Juu yao mgeni alizunguka akiita. Chini, Sajenti aliitikia, bawa zima likitetemeka na lile butu likitetemeka vilevile.

"Yataota lini?" don Abelino aliuliza, ingawa alijua.

"Februari. Mwenye mkasi ni wewe, unaniuliza mimi?"

Uso ulimwaka moto. Miaka sita alikuwa akikata huku anapiga mluzi, kama anayepogoa mizabibu. Jioni mwalimu wa shule alipita, akasema kwa sauti, "Huyo Sajenti ana raha, don Abelino! Hata mimi ningehamia kwako!" Mzee aliinama kung'oa magugu yasiyokuwepo.

Akiliacha lango limefungwa, yeye ni askari jela. Akilifungua, huko nje kuna mbweha na magari. Kabla ya giza alilifungua, akalikaza kwa waya lisijifunge, akakosa hata hamu ya chai.

Kesho yake asubuhi alimkuta Sajenti ameshafika ukingoni mwa barabara, akitembea kwa miguu. Mwenzake aliruka hatua chache mbele, akatua, akaita, akangoja. Lori la maziwa lilitokea konani. Don Abelino alikimbilia katikati ya lami na pajama zake, mikono juu.

Breki zililia. "Mzee, umekuwa trafiki?" dereva alifoka. "Unamsimamishia nani?"

Don Abelino hakuweza kumtazama usoni. Alibaki na mikono juu, na Sajenti akavuka nyuma yake, hatua kwa hatua, akapenya chini ya seng'enge na kuingia malishoni.