Mama Dufie na Kiyoyozi cha Chumba cha Maombi

Mama Dufie, jirani yangu hapa Bantama, Kumasi, haamini mtu. Nyanya akinunua huzigeuza moja moja, na muuzaji akicheka naye, anazirudisha zote. Mumewe alipofariki, shemeji walibeba hadi pazia, na tangu hapo kila anayebisha hodi kwake ni mwizi mpaka athibitishe vinginevyo.

Maisha yake ni keki za harusi, na anajua kazi, sitamnyima haki yake. Lakini joto lilikuwa linamharibia aisingi, ile sukari laini ya kupambia keki, na alikuwa amepokea oda ya keki ya ghorofa tano kwa familia kubwa mjini. Ikitoka vizuri, ameula. Ikiharibika, jina lake linazikwa. Akaamua kununua kiyoyozi.

Sasa, kwetu fundi akija, watu huficha mali. Akiona friji kubwa, bei inapanda. Mama Dufie akazidisha: alituita tuyatoe majiko mawili ya gesi na friji, tukayafunika turubai uani. Kwenye chumba anachookea keki akabakiza kiti, mkeka na Biblia tu.

Fundi Siaw alikuja na futi yake. Akapima urefu, upana na kimo cha dari, akalitazama dirisha linalopigwa na jua la alasiri, akauliza watu wangapi hukaa humo na kama kuna chochote kinachotoa joto. Mama Dufie akamjibu kwamba ni chumba chake cha maombi, huwa peke yake. Fundi akauliza tena kuhusu joto. Mama akaniangalia kwa jicho la kusema, unaona anavyochimba?

Basi fundi akamfungia kiyoyozi kidogo, cha nguvu ya farasi mmoja. Alipoondoka tukarudisha majiko, Mama Dufie akicheka kwamba kijana alidhani atamla.

Ijumaa, siku ya kuipamba keki, majiko yote yaliwaka na wasichana wanne wanaomsaidia walikuwa kazini. Kiyoyozi kilinguruma bila kupumzika, na chumba kikawa cha moto vilevile. Aisingi ikaanza kutoka jasho. Mama akasema fundi amemuuzia mtumba uliopakwa rangi, akampigia simu, akamtukana. Akiwa bado anatukana, ghorofa ya juu ikateleza, ikaiangukia ya pili, zote zikaenda chini. Nilimwonea huruma sana.

Siaw alifika akihema. Kwa hasira zake, Mama alikuwa amesahau kuficha chochote. Fundi alisimama mlangoni, joto likampiga usoni, akatazama majiko kwa muda.

"Mama, haya ndiyo maombi yenyewe?"

"Usinifanyie mzaha. Umenifungia uchafu."

"Nilikuuliza mara mbili kama kuna kinachotoa joto. Chumba hiki kinataka mashine zaidi ya mara mbili ya hiyo."

"Ningekuonyesha majiko, ungenipandishia bei."

"Ningekwambia ufunge kubwa, na wewe ungeniita mwizi."

Mama Dufie alikaa kwenye kiti, mikono imejaa krimu. "Ndiyo," akasema. "Ningekuita."

Gari likasimama nje. Mama wa bibi harusi alikuwa amekuja kuitazama keki yake. Mimi nilishajua atakayetwikwa lawama, na nadhani hata Siaw alijua, maana alianza kukusanya spana zake.

Mama Dufie alifungua mlango mwenyewe.

"Keki imeanguka," akamwambia. "Fundi hana kosa."