Kinyozi wa Mtoni

Kinyozi haoni kitu kirefu akakiacha. Ukimpita na uzi unaning'inia kwenye shati, ataukata huku anakusalimia. Kichwa akishakimaliza hukipuliza, fyuu, hurudi nyuma kidogo, huinamisha shingo na kujisifu kimoyomoyo. Kila Jumamosi hufunga kibanda akashuka na wanakamati wenzake kukiokoa kijito cha mtaa: huzoa mifuko ya plastiki na kupanda matete, ili ukingo usimomonyoke na nyumba za jirani zisiondoke na maji. Jumamosi moja aliwahi kabla ya wote, fyekeo mkononi, akakuta ukingo umeota majani hovyohovyo kama kichwa cha mtu aliyegombana na vinyozi wote. Mikono ikamwasha. Akafyeka, akalinganisha huku na huku, akapuliza, fyuu, akarudi nyuma. Safi!

“Shemeji,” akauliza mke wa kaka yake alipofika na ndoo ya kumwagilia, “matete tuliyopanda yako wapi?”

Kinyozi akautazama ukingo, unang'aa kama upara. Akavua kofia. “Shemeji, nimeunyoa mto. Na wala haukuniomba.”

Wiki nzima alijichongea mwenyewe kwa kila mteja, akicheka kuliko wote. Mvua zilikuwa zinabisha hodi, wakapanda upya mbiombio, naye akaomba awe mlinzi. Wakamkubalia, mradi fyekeo likae kwa shemeji. Sasa husimama pale mikono mfukoni, na jani moja likichomoza kuliko mengine, hupaza sauti: “Shemeji, njoo unishike!”