Kidole Ndani ya Kopo

Siku Cirhuza alipomwona Maman Marcelline kwa mara ya kwanza, alimkuta amekufa.

Alilala chali juu ya mkeka katikati ya darasa la maternelle, shule ya watoto wadogo, pale mtaa wa Kasha, amefunikwa kitenge mpaka kidevuni, na watoto kama ishirini wamemzunguka wakilia kwa sauti. Cirhuza, fundi mbao, mtu wa miaka hamsini kasoro ambaye hata sokoni huonyesha kitu kwa kidole ili asiongee, alivua kofia, akapiga ishara ya msalaba, akaanza kurudi kinyumenyume. Kama kuna mtu wa kupeleka habari ya msiba, Mungu wangu, asiwe yeye.

"Papa, usilie," kasichana kamoja kakamwambia, shingoni kamevaa kamba yenye kizibo cha chupa, kama kipimo cha dokta. "Hajakufa. Iko mugonjwa tu. Tunamupiga sindano."

Maiti akafumbua jicho moja. "Karibu, papa fundi. Kama umekuja kunizika, fuata mustari. Dokta hajamaliza."

Kumbe alikuwa mwalimu. Alizaliwa Walungu, na hesabu alifundishwa na bibi yake shambani: mbegu mbili kila shimo, ukikosea, njaa itakusahihisha. Baadaye alifundisha miaka kumi na mmoja kwa fimbo na ubao kama wenzake, mpaka siku mtoto mmoja alipoandika herufi a mara arobaini, akainua kichwa na kumwuliza, "Maman, hii ni nini?" Tangu siku hiyo aliweka fimbo juu ya kabati, akavua viatu, akashuka chini kwenye mkeka.

Cirhuza alikuwa ameitwa na kamati ya wazazi atengeneze benchi nane. Mbao zilikwisha kununuliwa, zimeegemea ukutani.

"Papa Cirhuza," Marcelline akamwuliza, "mutoto wa miaka mine, ulishamuona anakaa?"

Cirhuza alikuwa na watoto sita. Akawafikiria mmoja mmoja. "Hapana."

"Sasa hizi benchi ni za nani?"

Cirhuza akachukua msumeno. Mbao zikakatwa vipande: vya kujengea nyumba, vya kupanga kwa urefu, na meza ndogo ya soko. Kazi yake haikuwahi kugombaniwa vile. Siku ya tatu watoto walikwisha kumfanya mume wa nyumba. Alilishwa ugali wa mchanga, kisha akaamriwa kuosha sahani. Akaziosha. Kazi iliisha, lakini kila juma alikuwa anakumbuka msumari fulani wa kurudi kuugonga.

Ndipo akatokea Maman Rosette, muuza maharagwe na présidente, mwenyekiti, wa kamati ya wazazi.

"Benchi ziko wapi?"

Cirhuza akaonyesha kwa kidole. Juu ya mbao za benchi la kwanza, zilizokuwa sasa mnara, alisimama mtoto akipiga kelele kwamba yeye ni meli ya Goma.

"Na kaye za kuandikia? Ya Elodie wangu haina hata mustari moja! Kila siku anarudia na mchanga kwa nywele. Mchanga tuko nayo hata kwetu, maman!" Akatoa hukumu: Jumamosi wazazi wote waje. Wasipoona walichojifunza watoto, Marcelline arudi Walungu kulima, na fundi arudishe mbao. "Nzima," akasema. "Vile zilikuwa."

Usiku wa Ijumaa Cirhuza aliota anaunganisha benchi kwa ugali.

Jumamosi wazazi walijaa, wote wamesimama, maana benchi hazikuwapo. Marcelline hakutoa hotuba. Alipiga makofi mawili tu: "Fungueni soko!"

Elodie, binti wa Rosette, miaka mitano, akakaa nyuma ya meza na rundo la maharagwe na kopo. Akatazama watu, akamchagua mteja.

"Papa fundi, kuya!"

Cirhuza alitamani ardhi ipasuke. Akasogea, akaonyesha maharagwe.

"Hapa hatuuzishe kwa kidole, papa. Ongea!"

"Makopo matatu," akanong'ona, jasho likimtoka.

Elodie akapima. Kidole gumba chake kilikuwa ndani ya kopo.

"Elodie," Marcelline akauliza, "kile kidole kinafanya nini mule?"

"Maman anafanyaka vile." Mtoto hakuinua hata macho. "Nilihesabu. Kidole yangu inakula maharagwe saba." Akapanga mafungu matatu ya saba mbele ya Cirhuza, akayahesabu yote bila kukosea: ishirini na moja. "Hizi tulikuibia, papa. Kwa maman zingepita hizi, kidole yake ni munene."

Darasa likalipuka.

"Rosette! Miaka yote hii!"

"Ndiyo maana sufuria yangu haijai! Na mimi napiga muke wangu makelele!"

Rosette alibadilika rangi mara tatu. Lakini mtu wa soko hafi kwa kelele. Akajishika kiuno. "Mumeona? Miaka mitano, na hesabu kama hiyo! Nani alisema hapa hawafundishe?"

"Ni wewe!" wakajibu wote.

Mwalimu akabaki, na mbao zikabaki vipande. Kuanzia Jumatatu Rosette alipima maharagwe akishika kopo kwa nje, vidole vyote kumi vikionekana, na nyongeza juu.

Miaka miwili baadaye Marcelline aliitwa Katana akafundishe walimu wenzake kushuka chini. Cirhuza alimbebea mzigo mpaka kwenye basi. Alikuwa ameandaa sentensi moja kwa siku tatu. Akavua kofia tu.

Basi likaanza kutembea. Marcelline akatoa kichwa dirishani.

"Papa Cirhuza, rudisha kofia! Hata siku utasikia nimekufa, usiivue mbiombio. Kwanza uulize dokta kama amemaliza."