Uji wa Muzazi

Nimejifungua juzi, na nyumba yangu inanukia uji wa mtama. Harufu hiyo inanipandisha hasira.

Wakati wa vita, maman alijifungua kwetu Bagira. Uji wa muzazi, mama aliyetoka kujifungua, hauguswi na mtu mwingine. Ndio unaomrudishia damu na kuleta maziwa. Bibi aliubeba unga kichwani kutoka kijijini, akaukoroga asubuhi mpaka ukawa mwekundu, mzito, ukitoa mapovu.

Askari wawili wakapiga hodi. "Papa, tunaomba maji."

Papa, mtu wa ofisi, aliwafungulia huku akitabasamu. "Mukae, uji iko." Akamuita maman. Maman akatoka kitandani ameinama, tumbo limefungwa kitambaa, akawapakulia mwenyewe. Wakala, wakakwangua sufuria.

Walipoondoka, bibi alisema, "Waliomba maji."

"Iko vita," papa akajibu.

Siku ile mutoto alinyonya, akaachia, akalia mpaka sauti ikakauka.

Leo papa amekuja kumuona mutoto wangu. Ameketi saloni, chumba cha wageni, anavuta harufu ya jikoni.

"Inanukia muzuri," anasema.

Nimemuletea maji.