Jogoo wa Injinia

Balaa ilianza na jogoo. Mwaka 2014, matokeo ya Senior Six, mtihani wa kumaliza sekondari, yalipofika Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, Mzee Kezironi hakumuuliza binti yake lolote. Mzee wa watu! Alimkamata jogoo wake mkubwa, akampeleka kanisani, akamshukuru Mungu mbele ya watu wote kwa kumpa injinia. Vigelegele hivyo! Jogoo akanadiwa, mzee akamnunua tena mwenyewe, na jioni akaliwa nyumbani.

Binti mwenyewe, Biira, alikuwa ameketi nyuma, roho juu. Yeye alitaka jiolojia.

Tangu siku hiyo hakuwa na jina tena. Injinia huku, Injinia kule. Jirani yao Jeanine, mfanyabiashara kutoka Butembo, Kongo, akaleta redio mbovu. "Injinia, mutoto yangu, angalia hii, iko inakoroma tu." Biira akaifungua, akapuliza vumbi, ikaimba. Alijiponza mwenyewe! Kesho yake watu walijipanga hadi barabarani.

Alijua kwa nini baba anapenda uhandisi. Injinia hujenga mjini, penye lami. Mtu wa mawe hupanda milima, na mlima ndio uliomchukua Masika, dada yake mkubwa, ulipoporomoka kijijini kwao Kyondo wakati wa mvua, ukazika nyumba na kahawa. Wao waliobaki walihamia Bwera. Mzee hakurudi tena kule, na nyumbani mlima ule haukutajwa. Biira alimpenda mno baba yake. Kumtonesha kidonda kile aliona ni dhambi.

Lakini siku ya mwisho ya kuchagua kozi ilipokaribia, alimfuata uani alipokuwa akianika kahawa.

"Baba, nisamehe. Mimi nataka kusoma mawe."

"Mawe? Mawe iko kila mahali! Na jogoo tulishakula."

"Nataka kujua kwa nini mlima ilianguka, baba. Alama gani inatoka kwanza, ndiyo watu wakimbie mapema."

Kezironi akageuza kahawa, akaigeuza tena ileile. Machozi yakamtoka, asiyafute. Akaingia ndani. Biira akabaki uani akilia, akijua amemuumiza.

Asubuhi alimkuta mlangoni amevaa gambuti. Kando yake tetea amefungwa kamba mguuni.

"Huyu ni wa Jumapili," mzee akasema. "Nitamwambia Mungu nilikosea, akule na huyu. Lakini leo tunapanda Kyondo. Kama unasoma mlima, anzia pale. Mimi nitakuonyesha Masika alikuwa analala wapi."