Neno Refu Likate Kwenye Viungo

Siku ile naikumbuka hadi leo, mwanangu, na nikiikumbuka siwezi kutulia kwenye kiti. Nilikuwa kijana, nakata nyama kwenye bucha ya mtu pale Manyamanyama, nikaenda nyumbani Butiama nimevaa miwani ya jua. Leo bucha ninazo tatu, zangu mwenyewe, na darasa la sita sikumaliza! Lakini siku zile nilikuwaga bure kabisa.

Ng'ombe wa mama, mmoja tu mwenye maziwa, alijaa kupe. Dawa ilikuwepo, maandishi yote Kiingereza. Nikampokonya mama chupa, nikasoma kwa sauti wote wasikie, maana yenyewe siijui, nikafika kwenye neno refu, *undiluted*. Nikaliruka.

"Na hilo refu?" akauliza shangazi Nyangeta, aliyefagia zahanati miaka mingi akijisomea maboksi ya dawa.

"Hilo jina la kiwanda, shangazi. Ninyi wa zamani hamwezi kulijua."

Nikampaka ng'ombe dawa vilevile ilivyotoka chupani. Haukupita muda akaanza kutetemeka, udenda unamtoka, miguu ikamlegea. Mama akashika kichwa. Shangazi akapiga kelele tulete maji na sabuni. Nilikimbia kisimani kama kichaa, ndoo baada ya ndoo, tukamwosha hadi mnyama akasimama.

Ndipo shangazi akanigeukia. "Wee mkata nyama, paja unalitenganisha wapi?"

"Kwenye kiungo, shangazi."

"Sasa mbona neno umelikimbia zima?"

Akaliziba neno pale chupani kwa kidole gumba, akalifunua kidogo kidogo. Kwanza kwa ulimi: an-dai-lu-ted, matonge manne. Kisha kwa maana: *un*, siyo, *dilute*, changanya na maji, *ed*, jambo lililokwisha kufanyika. Kumbe chupa ilikataza kupaka dawa isiyochanganywa na maji!

Maziwa yake, kwa hofu ya sumu, tuliyamwaga siku nyingi. Wadogo zangu wakanywa chai ya rangi, wananitazama tu.

Mwanangu, wewe una shule, una simu pia, bado nakuona unaruka maneno marefu. Acha! Bandu bandu huisha gogo. Ziba mwisho, soma mwanzo, tafuta katikati neno unalolijua. Likikushinda, uliza; mficha uchi hazai. Aibu ya kuuliza haijaua mtu, ila kujidai kwangu nusura kuue.

Mungu akupe macho yenye subira na kinywa kisichoogopa kuuliza, na wote watakaokutegemea wawe salama mikononi mwako.